Mwanangu, Acha Ndege Apoe

Mwanangu, vuta kiti ukae. Najua una haraka. Simu yako imeshalia mara mbili tangu uingie, na mguu wako chini ya meza hautulii. Umekuja kuuliza jambo moja tu: namna ya kutengeneza ndege wa kioo wa kutundika ukutani. Umewaona wanavyopendeza, umesikia bei wanayouzwa, ukajiambia hii kazi naiweza. Unaiweza. Vidole vyako ni vyepesi kuliko vyangu nilipokuwa na umri wako. Ila kazi hii haifundishwi mwanafunzi akiwa na mguu mmoja nje. Kunywa chai kwanza.

Nitakueleza ninayoyajua. Mengi niliyajua kwa kuharibu, kwa hiyo usishangae nikikutajia makosa kuliko ushindi.

Unamwona yule mdiria wa buluu, juu ya mlango wa stoo? Wenzake wote wako sebuleni karibu na dirisha. Yeye nimemweka peke yake, mahali ambapo hakai mtu chini yake. Kwa macho ni mzima. Hana ufa hata wa unywele. Wageni huniuliza amekosa nini. Wewe nitakujibu, lakini si sasa.

Baba yangu alikuwa fundi vioo hapa hapa Tanga. Tulikaa Ngamiani, Barabara ya 12. Siku zile mkonge ulikuwa na nguvu, na nyumba za mameneja wa mashamba zilikuwa na madirisha mapana. Baba alibeba vioo kwenye baiskeli, amevifunga kwa magunia, akiendesha polepole kama aliyempakia mgonjwa. Jioni moja alirudi na habari. Kwenye ukuta wa nyumba ya meneja mmoja ameona bata watatu wa udongo wa kuchoma, wanaruka kwa mstari: mkubwa, wa kati na mdogo. Mama akauliza, "Na mayai wanatagia wapi?" Tulicheka mpaka tukapaliwa.

Lakini baba hakuwasahau bata wale. Jumapili iliyofuata alichukua mabaki ya vioo, akakata njiwa wa vipande vitano, akambandika ukutani kwa puti ya madirisha. Njiwa alikaa wiki tatu. Asubuhi moja tuliamka tukamkuta sakafuni, hana kichwa wala mkia. Nililia. Baba alifagia vipande, akavitazama, akasema, "Kioo hakina kosa. Puti ndiyo iliyochoka."

Nilikuwa mdogo, nikadhani ananibembeleza tu.

Usidhani pia kwamba kupamba ukuta kwa kitu kivunjikacho tuliiga kwa wale mameneja. Baba alinipeleka Tongoni, kusini ya mji wetu, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Makaburi yale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Alinionyesha mahali palipochimbwa kidogo ukutani, duara kama uso wa bakuli. "Humu mlikaa sahani," akasema, "sahani zilizovuka bahari." Ukifika Mambrui, kule Kenya, kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Ukifika Lamu utaona zidaka katika nyumba za mawe, safu kwa safu, zimetengenezwa ziwekwe vyombo vya kutazamwa. Na shanga za kioo zilifika pwani hii kutoka India, na baadaye kutoka Venice, muda mrefu kabla nyumba zetu hazijawa na dirisha la kioo. Wazee wetu walipenda kitu kinachoshika mwanga. Walijua kitavunjika siku moja. Walikipandisha ukutani hata hivyo.

Sasa nikuulize. Kioo ni nini? Kioo cha dirisha na cha chupa ni mchanga, magadi na chokaa. Mchanga ndio mwingi, kama sehemu saba katika kumi. Lakini mchanga mweupe peke yake hauyeyuki mpaka moto ufike karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi, na moto huo mimi na wewe hatuna. Magadi ndiyo yanayoubembeleza uyeyuke mapema. Chokaa nayo inakishika kioo kisije kikalainika kwa maji.

Mama yako hutia magadi kwenye sufuria ya maharage, sivyo? Maharage yaliyokuwa yanakaidi yanalainika, na mkaa unasalimika. Basi kazi ni hiyo hiyo. Jikoni magadi hulainisha maharage, tanurini hulainisha mchanga. Kule Ziwa Magadi, Kenya, kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wateja wa magadi hayo. Upande wetu, Ziwa Natron, kwenye maji ya magadi kama hayo ndiko heroe wanakozalia, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Nikimkata heroe wa kioo huwa natabasamu peke yangu. Ndege yule na kioo kile wamekunywa maji ya aina moja.

Rangi nazo zina siri yake. Chukua kioo cha dirisha, kitazame kwa ubavuni. Ni kijani, sivyo? Ni chuma kidogo kilichomo mchangani. Buluu kali hutoka kwenye kobalti. Siku za baba vioo vya zamani vilikuwa na mawimbi, ukitazama mtu anapita nje unamwona anapinda. Vya siku hizi vimenyooka kama maji ya kisimani, kwa sababu humwagwa juu ya bati lililoyeyuka. Ni njia ya Pilkington wa Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1959. Baba alivisifu vipya, lakini mabaki ya vile vya mawimbi alinifichia. Alisema bawa la ndege lisinyooke sana.

Tuje kwenye kukata. Kikatio ni kile chenye kigurudumu kidogo cha chuma kigumu. Kichovye kwenye mafuta ya taa. Chora ndege wako kwenye karatasi, iweke chini ya kioo, kisha pitisha kigurudumu juu ya mstari mara moja. Mara moja tu. Sikiliza. Kinatoa sauti kama kanga mpya zinapochanwa zitengane. Sauti ikikatika, jua mkono umelegea hapo. Kisha shika kioo pande mbili za mstari, vidole gumba juu, ukunje kwa chini. Kitaachana chenyewe.

Hapa ndipo vijana mnaponishinda. Mnauona mstari ni hafifu, mnataka kurudia juu yake ili mwe na uhakika. Usirudie. Mstari ule ni ufa ulioanza vizuri. Ukiurudia unauvuruga, na kigurudumu unakiua. Mimi nilivunja vioo vingi vya baba kabla sijaamini kwamba mstari hafifu unatosha.

Halafu kioo hakipendi kona ya ndani. Mstari ulionyooka kinaukubali. Mpindo mpole kinaukubali. Lakini shingo ya ndege, pale inapoingia kifuani, hapo kinakukatalia. Nilipokuwa msichana nilitaka kumkata chozi kwa kipande kimoja, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza maua. Nilitaka mdomo, shingo na mkia vitoke pamoja. Nilimtafuta chozi, nikapata machozi. Baba akaniambia, "Mgawe." Mwili kipande chake, bawa kipande chake, mkia kipande chake. Kilichonishinda kizima kikanikubali kwa vipande.

Na unisikilize kuhusu mwili wako, maana huu hauna wa akiba. Vaa miwani ya kukinga macho. Vaa viatu, si kandambili. Ukinoa kingo za kioo, nolea kwenye jiwe lililolowa maji, maana vumbi la kioo likiingia mapafuni halitoki kwa urahisi. Usilifagie kavu, lipanguse kwa kitambaa kibichi. Chembe ndogo zilizobaki mezani zigonge kwa donge la unga wa ngano uliokandwa, zitanasa. Kisha donge lizike, kuku wasilipate. Usiniulize nilijuaje habari ya kuku.

Kuna njia mbili za kumkamilisha ndege. Ya kwanza ni kuzungushia kila kipande utepe mwembamba wa shaba, ukaunga kwa lehemu. Tiffany wa Marekani ndiye aliyeivumisha njia hii, mwishoni mwa karne ya 19, kwa taa zake za rangi. Ni njia nzuri, na haitaki tanuri. Lakini lehemu nyingi ina risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Mimi nilikuwa naungia kwenye meza hii hii tunayonywea chai, watoto wakiandika kazi zao za shule upande wa pili. Hakuna aliyenikataza. Wewe nakukataza. Tafuta meza nyingine, fungua madirisha, nawa mikono kabla hujashika mkate.

Njia ya pili ni moto. Unapanga kipande juu ya kipande, unaviweka tanurini, vinayeyuka vikashikana. Tanuri langu la kwanza nililinunua kuukuu kwa mfinyanzi aliyekuwa anahama. Lilikuwa la umeme, saizi ya sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Bamba la ndani nililipaka udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa vilima vya Pugu, ili kioo kisigande. Kitanzi cha kutundikia nilikitengeneza kwa waya wa jiko la umeme lililokufa, maana waya ule umezoea moto, hauungui. Nilijiona nimefika.

Ndege wangu wa kwanza wa tanuri alikuwa kasuku. Mwili wa kioo cha dirisha, mabawa ya chupa ya kijani. Alitoka mzuri, mwanangu, mzuri kupita kiasi. Nikamfunika kwa kitambaa ili nimwonyeshe mume wangu jioni. Jioni nilipofunua, kasuku alikuwa vipande vitatu. Nilimlaumu paka. Nilimfukuza paka wa watu mpaka uani.

Paka hakuwa na kosa. Kila kioo kikipata moto hutanuka kwa kipimo chake, na kikipoa hunywea kwa kipimo chake. Chupa na dirisha ni ndugu, lakini si mapacha. Ukiwaunganisha, mmoja atavuta kuliko mwenzake, na watapasukia pale waliposhikana. Kwa hiyo ukiamua dirisha, iwe dirisha tupu, na rangi utumie zile za unga zilizotengenezwa kwa ajili ya kioo. Ukiamua chupa, iwe chupa moja kwa ndege mmoja. Watu husema akili za mbayuwayu, za kuambiwa changanya na zako. Akili changanya. Vioo usichanganye.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kioo cha dirisha hushikana karibu nyuzi 800. Kufika huko si kazi, ni subira ya saa chache. Ukipandisha moto haraka mno kitapasuka, na utakiona hapo hapo. Kazi ni kushuka. Unashuka mpaka karibu nyuzi 550, unakaa hapo kama saa nzima. Kisha unashuka pole, pole, mpaka kesho. Kwa nini? Kwa sababu ngozi ya kioo hupoa kabla ya tumbo lake. Ngozi ikishakuwa ngumu, tumbo bado linataka kunywea, na ngozi haitaki kulifuata. Wanavutana humo ndani. Nje huoni kitu. Ndege anang'aa, unampangusa, unamsifu, na ndani yake kuna ugomvi.

Ukienda Arusha, kwenye karakana ya Shanga, utaona watu wenye ulemavu, baadhi yao viziwi, wakipuliza bilauri na mapambo kwa chupa zilizotumika. Wengi hutazama mpulizaji tu. Wewe mtazame yule anayepokea kitu kilichokwisha pulizwa. Hakiweki mezani kipigwe na upepo. Anakiingiza kwenye tanuri jingine, lenye moto mdogo, kipoe taratibu. Watalii wanapiga picha ya moto mkubwa. Chombo kinaokolewa na ule mdogo.

Umeme nao ulinifundisha. Usiku mmoja ulikatika ndege wakiwa tanurini. Nilichukua kurunzi, nikafungua mlango nione kama wapo salama. Niliwasikia wakilia, tik, tik, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Wote sita. Mwezi uliofuata umeme ukakatika tena, nikawa nimechoka, nikalala. Asubuhi nilifungua nikawakuta wazima. Matofali ya tanuri ni mazito, yanashika joto, yanapoa kwa mwendo wake hata bila umeme. Giza halikuwaua wale sita. Niliwaua mimi, kwa kuwachungulia.

Najua umechoka kuambiwa haraka haraka haina baraka. Nami nilichoka, tangu nikiwa shule ya msingi. Sikwambii hiyo. Nakwambia tu kwamba mlango wa tanuri una mshikio upande mmoja, wa nje, na mkono ulio karibu nao ni wako.

Kutundika ni jambo jingine. Ndege wa dirishani ana bahati, mwanga unampitia kutoka nyuma. Ndege wa ukutani ameupa ukuta mgongo. Ukimbandika bapa, rangi yake inakufa, anaonekana kama doa. Mwache asimame mbali na ukuta kwa upana wa kidole. Ukuta uwe mweupe, chokaa inatosha. Hapo mwanga utampitia, utagonga ukuta, utamrudia, na chini yake kitakaa kivuli cha buluu kinachotembea na jua. Wateja husema wamenunua ndege. Kivuli kile hukigundua wakishafika nyumbani.

Wengine hutundika kwa mshipi wa mvuvi, kwa kuwa hauonekani. Mshipi ni mzuri, lakini jua huula. Ubadilishe kabla haujakatika. Msumari uwe wa zege na uingie kwenye ukuta wenyewe, si kwenye plasta tu. Kumbuka puti ya baba. Na usimtundike ndege yeyote juu ya kitanda cha mtoto, hata aliye mwepesi, hata uliyemtengeneza siku ya furaha zako.

Jifunze pia watu. Nilitengeneza bundi mara moja, macho makubwa ya kahawia. Nilimwona mrembo. Alikaa dukani mpaka vumbi likampaka mvi, na jirani mmoja akaacha kupita mbele ya mlango wangu jioni. Mwishowe alinunuliwa na mgeni asiyejua tunavyomwogopa ndege yule. Wapo pia wenye nyumba ambao dini yao haiwaruhusu kuweka ukutani sura ya kiumbe chenye roho. Usibishane nao, wala usiwaone washamba. Wakatie jani la mkungu, wakatie tanga la ngalawa, wakatie ua la mlangilangi. Kioo hakichagui umbo, na wewe usimchagulie mtu imani.

Chai imebaki kidogo. Haya, nikujibu kuhusu yule mdiria.

Mwaka 1997 mama mmoja wa mtaa wa pili aliniagiza ndege wawili, mdiria dume na jike, kwa harusi ya binti yake. Nilitengeneza watatu, mmoja wa akiba. Harusi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi usiku tanuri lilikuwa bado na moto. Ningesema nimechelewa, angenielewa. Sikusema. Nilifungua mlango kidogo. Baada ya muda nikaufungua nusu. Kisha nikaufungua wote, nikaenda kulala. Alfajiri niliwatoa wakiwa na joto la mkate. Wazima, wanameta. Nikawapeleka, nikapigiwa vigelegele, nikalipwa.

Jumapili usiku mmoja alipasuka ukutani kwa yule mama. Kichwa kilianguka sakafuni. Chumbani mle alikuwa amelala mtoto wa kiume wa miaka minane, na kulikuwa na mpira chini ya kitanda. Asubuhi mama yake alikuja kuniuliza, kwa adabu kabisa, kama kioo kinaweza kupasuka chenyewe. Nilimjibu, "Kioo changu hakipasuki chenyewe. Waulize watoto."

Nilimsindikiza mpaka kwake kuona vipande. Mtoto aliapa kwamba hakugusa. Alichapwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika kichwa cha mdiria mkononi. Nilisikia kila kiboko. Nikaondoka.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 2011 mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa anasomea uhandisi, alikuja likizo na miwani miwili ya jua, ya aina ile inayoua mng'aro wa maji, wanayoipenda watu wa baharini. Akaniambia, "Shangazi, nikuonyeshe mchezo." Alishika lenzi moja mbele ya nyingine, akaizungusha mpaka zikafunga mwanga, giza tupu. Kisha akamchukua mdiria wangu wa tatu, yule wa akiba, akamweka katikati ya lenzi mbili. Nilitegemea giza. Shingoni mwa ndege palikuwa panawaka, mstari mweupe kama umeme wa mvua. Akasema kwa furaha ya mwanafunzi, "Unaona? Huo ndio mvutano. Huyu alipozwa haraka. Anaweza kupasuka leo, anaweza kukaa miaka ishirini. Hahitaji kuguswa na mtu."

Nilikaa chini. Kijana alidhani nimeshangazwa na sayansi.

Ungetegemea nilikwenda kuomba radhi siku ile ile. Sikwenda. Nilichukua miaka miwili zaidi, na hiyo haikuwa subira, mwanangu, ilikuwa woga. Usiviite kwa jina moja. Nilipokwenda, yule mama alikuwa ameshafariki. Hakuwahi kujua kwamba mwanawe alisema kweli. Kijana nilimkuta kwenye karakana yake ya pikipiki, mikono imejaa grisi. Nilimweleza yote, nimesimama. Alinyamaza muda mrefu, akapangusa mikono, akasema, "Bi Vioo, mimi nilishaamini kwamba labda nilimgusa nikiwa usingizini."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilimtengenezea ndege. Hakuniomba, nilimtengenezea tu. Nilimwacha tanurini siku tatu, zaidi ya alivyohitaji. Amemtundika karakanani kwake, juu ya kabati la spana, na kila nikipita huwa namwona bado yupo. Yule wa tatu nilimweka pale juu ya mlango wa stoo. Sijamtupa kwa sababu ndiye shahidi wangu wa pekee.

Basi haya ndiyo ninayokupa. Ndege akitoka tanurini leo, usimuuze leo. Mweke rafuni siku saba, umpitie asubuhi na jioni. Nunua miwani miwili ya namna ile, umpime kila mmoja kabla hajatoka mlangoni. Mteja akisema harusi ni kesho, mwambie mapema kwamba ndege hayuko tayari, hata kama fedha ameshika mkononi. Na ndege wako akipasuka kwenye ukuta wa mtu, kabla hujaangalia watoto wa nyumba ile, kabla hujaangalia paka, jiulize ulimpoza kwa saa ngapi. Ukijua ni wewe, sema ni mimi. Sema siku hiyo hiyo, mama wa watu akiwa bado hai.

Maliza chai yako. Tanuri nimelizima jana alasiri, na leo hatulifungui. Njoo keshokutwa saa mbili asubuhi tulifungue pamoja. Uvae viatu, na simu uiache nyumbani.